Namalwa, Daudi na dawa inayotengenezwa ndani ya mwili

Kichupa kinatolewa kwenye kimiminika cha nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, kikiwa kinafuka ukungu mweupe. Unakiweka kwenye maji ya nyuzi 37 na kukitikisa taratibu mpaka kibaki kijipande kidogo cha barafu, kisha unamimina kilichomo kwenye maji mekundu ya kulishia seli. Siku mbili tatu baadaye yale maji mekundu yamegeuka manjano. Seli zimekula, zimetoa asidi, zinataka chakula kipya. Ukizitazama kwa hadubini utaona zinaelea kwa vishada, hazijang'ang'ania kitako cha chupa kama zifanyavyo seli za ngozi. Siku ya kwanza niliyopewa kazi hiyo niliisoma lebo mara mbili. Iliandikwa Namalwa.

Mimi ni mzaliwa wa Buhehe, gombolola ya Wilaya ya Busia upande wa Uganda, wilaya iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Kwetu Namalwa si namba ya katalogi. Ni shangazi, ni jirani, ni binti anayesubiri zamu yake kisimani. Malwa ni pombe. Wamalwa ni jina la mwanamume, kama hayati Michael Wamalwa Kijana aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya, na Namalwa ni jina la mwanamke, mtoto aliyezaliwa watu wakinywa. Kumbukumbu za maabara zinasema seli hizo zilitoka kwa mtoto wa Kiafrika aliyekuwa na limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu inayovimbisha taya na tumbo, na zikaanza kuoteshwa mwaka 1967. Mwaka huohuo zikapatikana seli za Daudi kutoka kwa kijana wa Kenya mwenye ugonjwa huohuo, katika maabara ya George Klein na Eva Klein kwenye Taasisi ya Karolinska, Stockholm, ambako vinyama vya uvimbe vilikuwa vikipelekwa kwa ndege kutoka Nairobi. Raji, za mtoto wa Nigeria, zilitangulia mwaka 1963.

Ukitaja majina hayo matatu kwenye maabara yoyote ya kinga duniani hutaombwa maelezo. Dawa nyingi zinazoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani za damu zimejaribiwa juu ya seli za Raji au Daudi kabla ya kumfikia mgonjwa. Namalwa zilifanya zaidi ya kujaribiwa, maana zenyewe ziligeuzwa kiwanda cha dawa. Ndiyo maana ninaposikia ikisemwa kwamba tiba za jeni na seli ni mambo ya wazungu, yatatufikia siku yakitufikia, siwezi kunyamaza. Tuliingia katika sayansi hii tangu siku yake ya kwanza, na kwa bahati mbaya tuliingia kama wagonjwa.

Mwaka 1957 yalitokea mambo mawili ambayo hakuna aliyeyahusisha wakati ule. London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kwamba seli ikivamiwa na virusi hutoa protini inayozionya seli jirani zijifungie milango. Wakaiita interferoni. Kampala, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Muda mfupi baadaye Burkitt akiwa Jinja alitazama dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo yake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walipanda gari kuukuu wakazunguka kilomita zipatazo 16,000 kwa wiki kumi, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mmewaona watoto wa namna hii?

Jibu lilifuata ramani ya joto na mvua. Penye baridi na milima mirefu, hakuna. Palipo chini ya mita 1,500 hivi, penye joto na mvua, wapo. Busia na Tororo ziko kwenye mita elfu moja na mia kadhaa, kati ya Ziwa Viktoria na mabonde ya mpunga, kwa hiyo zimo ndani kabisa ya ukanda huo. Leo tunajua sababu. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 na Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda, humwingia karibu kila mtoto wetu akiwa bado mchanga. Malaria nayo humjia tena na tena, na kila ikija huzichochea seli B, chembe nyeupe ambazo saratani hii huanzia, zigawanyike kwa pupa. Katika pupa hiyo kipande cha kromosomu ya 8 hukatika kikaungana na ya 14, na jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli kugawanyika, hubaki imewashwa bila wa kuizima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba mkazi wa eneo la vijijini Tororo aliumwa na mbu mwenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya mara moja kila usiku. Upuliziaji wa dawa majumbani ulioanza Tororo mwishoni mwa 2014 ulishusha idadi hiyo sana, lakini si Busia, ambako haukufika wakati ule, na hata Tororo malaria ilirudi dawa zilipobadilishwa.

Nirudi kwa Namalwa. Kampuni ya Wellcome ya Uingereza ilikuwa ikitafuta njia ya kupata interferoni nyingi. Damu za wachangiaji hazikutosha. Namalwa zilikubali kuoteshwa katika matangi ya maelfu ya lita, na zikichokozwa kwa kirusi kiitwacho Sendai, kirusi cha panya, zilimwaga interferoni kwa wingi kuliko seli nyingine zilizojaribiwa. Wakubwa wa udhibiti wa dawa waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa: dawa iliyotoka kwenye seli za saratani, je, haitabeba saratani? Ikabidi isafishwe mpaka kusibaki hata chembe ya DNA inayoweza kudhuru. Dawa hiyo, Wellferon, ikatumika kutibu aina ya lukemia ya seli zenye nywele na homa ya ini. Uvimbe wa mtoto wa ukanda wa malaria ukawa dawa ya watu wazima wa Ulaya. Sisemi hayo kwa uchungu tu. Nayasema kwa sababu ndiyo mbegu ya kila kinachofanyika leo: chukua seli hai, ifanye itoe silaha ya kinga, ipeleke kwa mgonjwa.

Na Kampala haikukaa kutazama. Uganda Cancer Institute ilianza mwaka 1967 kama kituo cha kutibu limfoma pale Mulago, chini ya John Ziegler, kisha Charles Olweny akaishika katika miaka migumu ya Idi Amin wageni walipoondoka. Burkitt alikwishaona kwamba watoto wengine walipona kwa dozi moja au mbili tu za sayklofosfamaidi, jambo lisiloelezeka kwa dawa peke yake. Ilionekana kinga ya mtoto mwenyewe ilikuwa inamalizia kazi. Kwa hiyo Ziegler na Ian Magrath wakajaribu kuiamsha kinga hiyo kwa BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu inayochanjwa begani. Mwaka 1976 walichapisha matokeo bila kuficha: BCG haikubadili mwenendo wa ugonjwa. Ninaheshimu sana chapisho lile. Liliwaambia walimwengu kwamba kuamsha kinga yote kwa kelele hakutoshi. Lazima kinga ielekezwe.

Kuelekeza maana yake nini? Hapo Daudi anatufundisha. Seli T, askari wa kinga, hufanya kazi kama ofisa wa uhamiaji pale mpakani Busia. Haangalii sura yako, anadai kitambulisho. Karibu kila seli ya mwili hubeba juu ya ngozi yake vitambulisho viitwavyo HLA, na ndani yake huonyesha vipande vya protini inazotengeneza. Seli yenye virusi au saratani hujifichua yenyewe kwa kitambulisho hicho. Lakini seli za Daudi hazina kitambulisho cha daraja la kwanza hata kimoja, kwa sababu jeni ya kipande kinachokishikilia imeharibika. Nyingine nyingi za Burkitt hupunguza vitambulisho na kuzima karibu protini zote za Epstein-Barr isipokuwa moja. Zinapita njia za panya. Ofisa yuko mlangoni, halali usingizi, lakini mtu mwenyewe amekwishavuka mtoni.

Tiba ya CAR-T ililijibu tatizo hilo kwa njia ya werevu mkubwa. Badala ya kumfundisha ofisa kusoma vitambulisho zaidi, anapewa macho mapya. Seli T za mgonjwa hutolewa damuni, hupandikizwa jeni ya kipokezi kilichoundwa na binadamu, na kipokezi hicho huitambua CD19, alama iliyo juu ya kila seli B, iwe na HLA au isiwe nayo. Jeni hupelekwa na lentivirusi, mzao wa virusi vya UKIMWI aliyeondolewa uwezo wa kuzaana. Seli zikishaongezeka kiwandani hurudishwa mwilini. Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hii, Kymriah, mwezi Agosti 2017, kwa watoto na vijana wenye lukemia ya seli B, kwa bei ya dola 475,000. India ikathibitisha kwamba bei hiyo si amri ya Mungu: mwezi Oktoba 2023 iliidhinisha NexCAR19, iliyotokana na kazi ya IIT Bombay na Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, kwa takriban sehemu moja ya kumi ya bei ile.

Hata hivyo sehemu moja ya kumi ya bei ile bado ni shamba, ng'ombe na nyumba za ukoo mzima wa Buhehe. Tena pesa si kikwazo kikubwa kuliko vyote. Kikwazo ni saa. Kutoa seli, kuzisafirisha, kuzipandikiza, kuziotesha, kuzipima na kuzirudisha huchukua wiki kadhaa. Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote za binadamu. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto ambaye saratani yake imerudi baada ya dawa hana wiki nne za kungoja kifurushi.

Ndiyo maana ninaona mageuzi ya miaka hii michache yanatuhusu sisi kuliko yanavyomhusu mgonjwa wa Boston. Badala ya kuitoa seli ipelekwe kwenye jeni, jeni inapelekwa kwenye seli, mwilini. Mfano ulio tayari ni wa kibofu. Desemba 2022 Marekani iliidhinisha Adstiladrin: adenovirusi aliyebeba jeni ya interferoni alfa anamiminwa ndani ya kibofu cha mgonjwa wa saratani kupitia mrija, mara moja kila miezi mitatu. Ukuta wa kibofu wenyewe unaanza kutengeneza interferoni. Katika majaribio, uvimbe wa juujuu ulitoweka kwa takriban nusu ya wagonjwa ambao BCG ilikuwa imeshindwa kuwasaidia. Tazama safari hiyo: kazi iliyofanywa na Namalwa katika matangi ya Uingereza sasa inafanywa na kibofu cha mgonjwa kwa ajili yake mwenyewe.

Kwa CAR-T mambo bado ni machanga, ila yanakimbia. Mwaka 2025 madaktari wa China walichapisha habari za wagonjwa wanne wa mailoma, saratani nyingine ya damu, waliochomwa lentivirusi mshipani bila seli zao kutolewa kwanza; ugonjwa ulirudi nyuma kwa wote wanne, ingawa hawakukosa madhara. Njia nyingine haitumii kirusi. Ujumbe wa mRNA hufungwa ndani ya vitone vya mafuta, kama ilivyokuwa katika chanjo za UVIKO-19, na vitone hivyo huvikwa kingamwili inayovipeleka moja kwa moja kwenye seli T. Seli T husoma ujumbe, huota kipokezi, huua kwa siku chache, kisha ujumbe huyeyuka.

Kuyeyuka huko, ambako wengi wanakutaja kama udhaifu, kwetu ni neema. CAR-T ya kudumu hufagia seli B zote, za saratani na nzima, pengine kwa miaka. Mtoto wa Philadelphia asiye na seli B hupewa kingamwili za kuongezewa kila mwezi, na analala chumba kisicho na mbu. Mtoto wa Buhehe ameijenga kinga yake ya malaria kidogo kidogo kwa kuugua, na sehemu kubwa ya kinga hiyo ni kingamwili zinazotokana na seli B. Seli za plazima za zamani hazina CD19, kwa hiyo hazifi zote, lakini chanzo cha kuzijazia kinakuwa kimekauka. Kumfagilia mtoto huyu seli B kwa miaka, katika nyumba yenye madirisha wazi, ni kumponya saratani na kumkabidhi kwa mbu. Tiba ya mRNA inayokuja na kuondoka, ikarudiwa pale tu inapohitajika, seli B zikarudi baada ya wiki, ndiyo nguo iliyokatwa kwa kipimo chetu. Jambo hili halitafikiriwa Boston wala Basel. Litafikiriwa na daktari aliyewahi kulaza watoto wa malaria usiku wa mvua za Aprili.

Daktari huyo ana neno jingine la kuwaambia watu wa Boston na Basel. Dalili ya kwanza ya CAR-T kuzidisha kazi ni homa kali, na wodi za ng'ambo hukimbilia tosilizumabu, dawa ya kuituliza kinga iliyopandwa na hasira. Katika hospitali zetu za Masafu au Dabani, mtoto mwenye homa ya nyuzi 40 hutobolewa kidole kupimwa malaria kwanza, na huenda akawa na vyote viwili kwa pamoja. Yeyote anayeandika mwongozo wa majaribio bila kuwa na ukurasa wa malaria hajaandika mwongozo wa Afrika Mashariki.

Hatari zipo, na ninaziweka mezani. Lentivirusi hujichomeka kwenye DNA. Januari 2024 wakala wa dawa wa Marekani aliagiza onyo zito liwekwe kwenye tiba za CAR-T kwa sababu ya saratani za seli T zilizoonekana kwa wagonjwa wachache. Mwaka 2018 kiliripotiwa kisa cha jeni ya CAR iliyoingia kimakosa ndani ya seli moja ya lukemia: kipokezi kikaifunika CD19 ya seli ile, askari wakashindwa kuiona, na ugonjwa ukarudi ukazaliana kutoka kwenye seli hiyo moja. Ukichoma kirusi moja kwa moja mshipani mwa mtoto ambaye damu yake imejaa seli za Burkitt, hatari ya kosa la namna hiyo haipungui. Kwa hiyo mimi nauweka mbele ujumbe wa mRNA, kirusi kisubiri.

Baridi ya kutunzia haitutishi tena. Mwaka 2021 Uganda na Kenya zilipokea chanjo ya Pfizer iliyohitaji nyuzi 70 chini ya sifuri, na watu wetu wakaisafirisha. Sheria ndiyo inayonitia wasiwasi. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa usalama wa bayoteknolojia mwaka 2017, Rais akaurudisha. Ukapitishwa mwingine mwaka 2018, ukarudishwa pia. Mjadala wote ulikuwa juu ya ndizi, mahindi na mbegu. Dawa ya jeni haikuwa na msemaji. Kenya ina sheria yake tangu 2009. Mpaka ambao boda boda zilianzia kwa kuvusha watu usiwe ndio unaomzuia mtoto wa upande mmoja kuingia kwenye majaribio yanayofanyika kilomita tano upande wa pili. Hapo ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kazi ya kufanya: idhini moja, kamati za maadili zinazoaminiana, na mkataba unaosema wazi kabla ya sindano ya kwanza kwamba dawa ikifaulu itauzwa kwetu kwa bei gani. Familia ya Henrietta Lacks, mgonjwa wa Marekani ambaye seli zake za saratani zilichukuliwa bila idhini yake, ilipata suluhu ya kwanza na kampuni mwaka 2023, miaka 72 baada ya seli hizo kuchukuliwa. Sipendekezi mtu yeyote aende kuutafuta ukoo wa Namalwa wala wa Daudi. Waachwe kwa amani. Deni hilo lilipwe kwa watoto wanaougua sasa.

Lakini sitaki mzazi asome haya akaanza kuiota sindano ya kesho na kuidharau dawa ya leo. Sayklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati ni dawa za zamani na za bei nafuu. Katika nchi tajiri, tibakemikali kamili huponya zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye Burkitt. Katika hospitali nyingi za ukanda wetu wanaopona ni nusu au chini ya hapo, kwa sababu mtoto amefika akiwa amechelewa, dawa imekatika katikati ya dozi, au baba amekosa nauli ya mara ya tatu. Majaribio ya tiba mpya yaanze na wale ambao saratani imewarudia, na yaanze kwenye hospitali ambayo kwanza imehakikisha sayklofosfamaidi haikosekani rafuni. Hospitali isiyoweza kutunza dawa ya zamani haitaiweza mpya.

Na kwako mama au baba wa Buhehe, Lumino, Nagongera, Malaba, Busia ya kwetu na Busia ya Kenya: Burkitt mara nyingi huanza kama jino. Magego ya mtoto wa miaka minne, mitano, sita yanalegea kabla ya wakati wake, ufizi unavimba, shavu linafuata. Au tumbo linakua ndani ya juma moja bila maumivu makubwa. Usilipeleke kung'olewa jino hilo ukadhani yameisha. Mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo, useme kwa sauti kwamba uvimbe umekua haraka, na uombe apelekwe kwenye kituo cha saratani kwa kipimo cha kinyama. Kwa ugonjwa huu, juma moja ni muda mrefu.